Nililinganisha front loader tatu, lakini aliyechagua ni Mama

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa kisiwani na wa ng'ambo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, miaka sasa. Kila baada ya siku chache naona mtu auliza: mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, ipi nzuri, ipi haifi mapema? Na majibu huwa ni watu kutupiana majina ya brand kama mashabiki wa mpira.

Leo niacheni nieleze yaliyonipata mimi. Siongezi chumvi, maana chumvi ndiyo iliyonisumbua katika habari hii, kama mtakavyoona.

Naishi Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya marehemu babangu, mimi na Mama. Sijaoa bado, msianze. Kazi yangu iko Shimanzi, ofisi ya kutoa mizigo bandarini.

Dadangu Zuhura ndiye mkubwa. Yeye yuko Uingereza. Aliondoka mimi ningali navaa kaptula ya shule, na tangu siku hiyo hajarudi.

Si kwamba hataki. Karatasi zake za kule hazijaamuliwa, na wakili wake alimwambia wazi: ukitoka, hurudi. Na kule ana binti anayesoma. Baba alipofariki, Zuhura aliisikiliza hitima kwa simu.

Basi tuje kwenye mashine.

Mamangu ni wa kufua kwa mikono. Kila Jumamosi hupanda juu paani na karai lake, akafua, akasuuza, akakamua, akaanika. Lakini vidole vyake vimeanza kupinda. Asubuhi hushika kikombe cha chai kwa viganja viwili kama mtoto. Daktari alimwambia, "Mama, kazi ya kukamua nguo basi. Ukiendelea, vidole hivi vitakufa ganzi."

Mama akamwitikia vizuri sana. Jumamosi ikafika, akapanda paani na karai.

Nikasema, hapa ni kununua mashine tu. Nikaanza utafiti.

Ya kwanza niliyoitazama ilikuwa mtumba wa Uingereza, katika yadi moja karibu na kazini. Wakuu, zile ni nzito! Ndani zina jiwe la zege la kuzuia zisirukeruke. Chuma kizuri, mlango wafunga kama wa gari ghali.

Lakini nilikuwa nimesoma humu humu: fungua mlango, shika drum, lile pipa la nguo, kwa ndani, inyanyue juu. Ikicheza, beringi imekwisha. Nikainyanyua. Ikacheza. Nikaizungusha kwa mkono, ikanguruma kama lori linalopanda Makupa.

Muuzaji akaniambia, "Hiyo ni kwa sababu haina maji." Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Ya pili ni ya mamangu mdogo, Bi Aziza, aliye kwenye fleti za Buxton. Yake ilikuwa mpya, ya bei ya chini, na alinisifia sana alipoinunua. Nilipokwenda kuitazama nikaikuta imegeuzwa meza ya kuwekea sufuria.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Haijafa," akasema Bi Aziza. "Imenuna."

Kumbe beringi ziliharibika, na fundi alipotaka kuzibadilisha akakuta tangi la ndani limegundishwa kiwandani, halifunguki. Huwezi kubadilisha beringi peke yake, wanunua tangi zima, na tangi zima ni karibu sawa na mashine mpya. Hili hakuna muuzaji atakayekwambia. Uliza mwenyewe: tangi limefungwa kwa skrubu au limegundishwa?

Halafu ule mpira wa mlangoni ulikuwa umeota ukungu mweusi, kwa sababu alikuwa akimaliza kufua afunga mlango. Usifunge. Uache wazi, upigwe na hewa.

Ya tatu ilikuwa mpya, dukani mjini. Mota yake ni ya inverter, haina mkanda, kimya kabisa, na stika kubwa ya waranti ya miaka mingi imebandikwa kifuani. Nikainama nikasoma maandishi madogo. Ile miaka mingi ni ya mota tu. Mashine yenyewe ina waranti fupi kama mashine nyingine yoyote. Hata hivyo nilipenda: tangi lake ni la skrubu, na spea zapatikana hapa hapa Mombasa.

Nikarudi nyumbani kumweleza Mama, nikidhani atafurahi.

"Siitaki," akasema.

"Mama, daktari alisema nini?"

"Daktari amesema yake. Siitaki mie hiyo mashini. Nunua pangaboi."

Nikadhani ni mambo ya wazee, waona mashine haitakatishi kola. Nikajaribu kila njia. Nikampeleka kwa Bi Aziza, nikasahau kwamba yake imenuna, ikawa nimejiharibia mwenyewe. Nikamwonyesha video. Kila nikirudi jibu ni lile lile, na Jumamosi karai lapanda juu.

Siku moja, Jumamosi, kazi ikaisha mapema. Nikafika nyumbani, chini kimya. Nikapanda ngazi kumtafuta. Nilipokaribia mlango wa paani nikasikia sauti yake, yazungumza taratibu, na maji yakichuruzika.

Simu ilikuwa imeegemezwa ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni isirukiwe na maji. Kwenye kioo yumo Zuhura, amevaa sweta, amejiinamia na kikombe.

Mama alikuwa akimweleza harusi ya jirani. Nani alivaa nini, pilau ilikuwaje, bibi harusi alivyokanyaga leso yake nusura aanguke. Zuhura akicheka. Halafu wakanyamaza wote wawili, ikawa ni ile sauti ya maji tu na vishindo vya watu kichochoroni.

"Mama," Zuhura akasema, "umemaliza?"

"Bado, mamangu. Zimebaki shuka."

Nikatazama zile shuka. Wakuu, wallahi shuka zile zilikuwa safi. Nilizitandua mwenyewe Jumamosi iliyopita, zikafuliwa, nikaziona kwenye kamba. Mama alizitoa kabatini zikiwa zimekunjwa, akazitia majini.

Nikashuka bila kuonekana. Nikakaa kwenye ngazi na viatu vyangu mkononi.

Aliposhuka, vidole vimemvimba, nikamwuliza kwa upole. Sikumlaumu. Nilimwambia tu, "Mama, si ukae kitini uzungumze naye? Simu ni hiyo hiyo."

Akakaa kando yangu.

"Nikikaa na simu mikono mitupu, yeye ataniuliza, Mama, wanikumbuka? Nami nitalia. Nikilia naye atalia, na atakata simu kwa kuniogopea. Nikiwa nafua, hatulii. Twazungumza. Yeye huniona niko kazini kwangu kama alivyoniacha." Akajifuta mikono kwenye leso. "Sasa hiyo mashini yako ikifua, mimi nizungumze naye nikifanya nini?"

Mimi nilisoma waranti zote za Mombasa, na swali hilo halikunipitia.

Nikampigia Zuhura. Nikamweleza habari ya vidole, ambayo Mama alikuwa akimficha. Kwenye ile simu ya video alikuwa akiviweka mbali na kioo.

Zuhura akasema, "Mpeleke dukani. Nipigieni mkiwa huko. Tuchague sote."

Kusikia ni Zuhura aliyesema, Mama akakubali. Tukaenda, Mama na buibui lake la kutokea, mimi nimeshika simu juu Zuhura aone. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, hana shida. Akaanza na sifa.

"Mama, hii ina quick wash. Dakika kumi na tano nguo tayari! Hata chai haijapoa."

Mama akaipita. Akasimama mbele ya nyingine.

"Na hii?"

"Hiyo pia ni ya haraka, mama. Lakini ile ya kwanza ndiyo inawahi zaidi."

"Sikuulizi iwahiyo, mwanangu," Mama akasema. "Nataka kujua ipi ikawiayo."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama simu. Zuhura alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, sijui acheka au alia.

"Inayochelewa?" kijana akauliza.

"Ehe. Ichukuayo muda mrefu kuliko zote."

Masikini, akachukua vitabu vya maelezo akaanza kutafuta. Nadhani hajawahi kuulizwa. Ikatokea ni ile ile niliyoipenda mimi, ya inverter. Programu yake ya nguo za pamba, maji ya moto, suuza ya ziada, yakaribia saa tatu.

"Hiyo," Mama akasema.

Mashine ikaja kwa mkokoteni, maana gari haliingii kwetu. Nikaiweka chini, si juu. Nyumba zetu ni za boriti na mawe ya kale, hutaki mashine ikacheze chakacha juu ya vichwa vyenu wakati wa spin, ikikamua nguo. Na chini kuna faida: tangi la maji liko paani, hivyo pressure yatosha bila pampu.

Maji ya kisima nilikataa kata kata. Yetu yana chumvi, na chumvi hula kile chuma cha miguu mitatu kinachoshika drum kwa nyuma, ukaja kujua siku kimevunjika. Tangi linalolisha mashine ni la maji matamu tu, ya mfereji. Nikaweka na kifaa cha kulinda umeme. Na msisahau kutoa zile bolti za safari huko nyuma, zinazobana drum njiani, kabla ya kuwasha, la sivyo itawatembelea hadi sebuleni.

Jumamosi ikafika.

Mama akavuta kiti akakaa mbele ya kile kioo cha duara. Simu ikaegemezwa kwenye kopo la sabuni. Mikono akaipakata. Zuhura naye, kule, alikuwa ameteremka na nguo zake kwenye chumba cha mashine cha jengo lao, mahali pa kijivu, pana baridi hata kwa kuona. Wakabonyeza pamoja.

Mwanzoni walibabaika. Nilikuwa jikoni, nikawasikia wakinyamaza na nikaogopa. Halafu Zuhura akauliza kama yule mama wa mihogo pale Mama Ngina, kando ya bahari, bado yupo. Yupo, Mama akasema, lakini siku hizi achari yake tamu mno. Wakashika hapo. Wakaenda kwa wajomba, kwa mjukuu ambaye Mama hajamshika hata siku moja, jino lake limeng'oka. Mama akainua mkono kujipangusa uso, na kile kidole kilichopinda kikaonekana wazi.

"Nionyeshe," Zuhura akasema.

Mama akavileta vidole karibu na kioo cha simu, vyote. Mashine ikawa yazunguka.

Kule kwa Zuhura ikalia ile kengele ya kumaliza. Zile za kwao ni za haraka.

"Yako imekwisha?" Mama akauliza.

"Imekwisha, Mama."

"Yangu bado," Mama akasema. "Kaa."

Na Zuhura akakaa, nguo zake mbichi zikiwa magotini.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nyanyua drum, uliza tangi lafunguka vipi, soma maandishi madogo, linda na chumvi. Lakini kabla ya hayo yote muulize yule atakayeitumia anataka nini. Mimi niliuliza mwisho.

Walio na front loader iliyodumu kwa maji ya pwani, tajeni model hapa tusaidiane. Na nyinyi wenye mtu wa mbali asiyeweza kuja, niambieni: mnapozungumza naye, mikono yenu huwa yafanya nini?