Wanamtafuta Askari Wao, na Kaburi Lake Nalijua Mimi

Ukurasa huu unifichie jina, tafadhali. Wasomaji mko wengi, Tanga mpaka Moshi, na wakubwa wangu kazini nao husoma.

Nina miaka thelathini na sita, karani wa boma hapa Same, na kwetu ni milimani. Baba yangu alikuwa askari Mzungu wa Welisi, kule Uingereza, aliyekuja na vita vya kumfukuza Mjerumani, akaachwa kulinda stesheni. Alikufa kwa homa nyumbani kwa mama, mimi nikiwa tumboni. Wajomba waliogopa kuambiwa wamemuua, wakamzika kimyakimya nyuma ya migomba.

Mama alibaki na kibati chake cha shingoni chenye namba ya jeshi, na anwani ya kwao. Nilipozaliwa alimwomba mwalimu wa misheni awaandikie kwamba wana mjukuu. Habari ya kifo wajomba walimkataza kuitaja. Jibu likaja kutoka kwa mama yake askari: "Mwanangu hana mtoto huko. Usituandikie tena." Jamani! Angeuliza swali moja tu siku ile, angejua yote.

Kwetu maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, hufunguliwa kwa zamu za koo, na ukoo hufuata baba. Nikifika na jembe langu wazee huniuliza, "Zamu ya ukoo gani, baba?" Watu wanacheka. Mimi hungoja masalio ya wajomba, na mahindi yangu hukauka nikiyatazama.

Sasa sikieni. Mwezi uliopita iliwekwa mezani kwangu barua ya dada yake askari, nimtafutie kaka yake kwenye madaftari. Anasema jeshi liliandika kwamba katoroka, wakaona haya kanisani miaka yote. Mama yao yu kitandani, anataka kujua kabla hajafa: mwanawe alitoroka, au alikufa?

Nikaingia stoo, nikapangusa vumbi, nikapata daftari. Namba ni ile ile ya kibati, na mbele yake wino mwekundu: mtoro. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe nanyi watu wa Welisi aibu mnaijua!

Nimeandika jibu: "Hakuna habari zake." Bwana mkubwa ametia sahihi bila hata kusoma. Nilipomweleza mama, alisema, "Peleka. Mimi niliwaandikia nikafukuzwa. Nao waulize mpaka wachoke." Kisha akachukua jembe akaenda kupalilia kaburi, kama afanyavyo kila juma.

Barua hiyo ya jibu ingali kwenye mtoto wa meza, na treni ya posta inapita Ijumaa. Nataka bibi yule afe hajui, kama yeye alivyotaka mama yangu aishi hana mtu. Nataka sana, sifichi. Lakini jana mzee mmoja pale ndiva aliniuliza tena ukoo wangu, nikakumbuka kwamba yule anayemtafuta kaka yake ni shangazi yangu. Na nikinyamaza, atakayebaki mtoro daftarini ni baba yangu mwenyewe, aliyelala nyuma ya migomba yetu bila kutoroka popote.

Ninyi wenye koo zenu, nishaurini kabla ya Ijumaa: niitume, au niichane niandike kweli?