Kamera Bado Haijaona

Siku ya ndoa yetu, katika parokia moja ya Murara, mke wangu alitokwa na machozi nilipomvisha pete. Kwa bahati mbaya, mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Akatusimamisha palepale mbele ya altare.

"Papa, toa pete, umvishe tena. Na wewe mama, ulie kama mwanzo."

Padri akamkunjia uso mpiga picha. "Mungu ameshaona, papa."

"Mungu ndiyo, padri. Lakini kamera bado."

Nikaitoa pete. Mke wangu akacheka hadi machozi yakamtiririka, akafunika mdomo, na mpiga picha akabofya kwa furaha.

Leo picha hiyo imetundikwa sebuleni. Shangazi zake wakiitazama hushusha sauti, wakisema hawajaona bibi harusi aliyeguswa hivyo na sakramenti.