Kisanduku Juu ya Stabilaiza

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuvua viatu. Ilikuwa Jinja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Mlangoni pa chumba cha kompyuta palikuwa na mkeka na karatasi iliyopigwa taipu: VIATU NJE. Ndani mlikuwa na mashine mbili zilizofunikwa vitambaa alivyovishona fundi cherehani wa mjini, pazia zito, na kipoza hewa kilichodondosha maji kwenye ndoo. Hata Meneja Mkuu aliingia kwa soksi. Ninyi mnaotembea na kompyuta mifukoni mtacheka, lakini tuliamini vumbi la barabarani ndilo adui wetu mkubwa, na kwa kiasi fulani hatukukosea.

Tatizo ni kwamba viatu vile vilivyopangwa nje vilinipanda kichwani. Mtu akivua viatu ili aje kuniuliza swali, niliona nimekuwa mkubwa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote.

Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta alikuwa bwana mmoja wa kutoka Kisumu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alinifundisha kufagia kibodi kwa brashi laini ya rangi, kutochomoa waya wa printa mashine ikiwa inawaka, na kutowasha kitu chochote kabla ya stabilaiza kutulia. Stabilaiza ni kisanduku kizito cha chuma chenye waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi ndani yake, na kazi yake ni kusawazisha umeme unaopanda na kushuka. Mgeni angedhani sisi tuliokaa karibu na bwawa la kufulia umeme tulikuwa na umeme wa kumwaga. Umeme ulitupita tu ukienda kwa wengine.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kunakili. Kila kilichokuwa ndani ya mashine tulikinakili kwenye disketi, vile vibamba vya plastiki vyenye utando mwembamba ndani, unaoshika maandishi kwa nguvu ya sumaku kama ukanda wa kaseti unavyoshika sauti. Mkuu wa Kitengo aliniuliza maswali yale yale kila Ijumaa.

"Umefanya kopi?"

"Nimefanya, bwana."

"Umeifungua?"

Mwanzoni nilidhani ananitania. Alitaka nichukue disketi niliyomaliza kunakili, niiingize kwenye mashine ya pili, nifungue faili na kusoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Ilikula nusu saa. "Kopi ambayo hujaifungua hujui ni kopi ya nini," alisema, kisha akarudi kwenye chai yake.

Wenzangu ofisini waliniita Afande. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nilizaliwa kambini, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwetu. Kwa wengi wa Jinja na Mbale hakikuwa lugha ya nyumbani. Walikuwa wamekisikia kwanza mlangoni, kwa wanajeshi, kikiambatana na buti na maswali. Waliponiita Afande nusu ilikuwa utani na nusu haikuwa utani. Nilijua hivyo, na nakiri kwamba hofu ile ndogo ilinipendeza.

Baada ya miaka miwili nilitumwa Mbale kufunga kompyuta ya kwanza ya tawi letu. Nilipakia mashine kwenye gari la kampuni, nikaifunga kwa magodoro mawili, tukapita Bugembe na Iganga, tukazunguka Tororo, na kila shimo kutoka Busiu hadi mjini nililisikia kwenye meno. Tawi lilikuwa ghala, ua wa kupokelea pamba, na ofisi tatu zilizoelekea mlima Wanale. Mashine ilikuwa moja tu. Nikaambiwa nimfundishe Mama Nambozo kuitumia.

Mama Nambozo alikuwa mpiga taipu wa tawi, amenizidi umri kama miaka kumi na mitano, mwenyeji wa Busiu. Alipiga taipu akiangalia dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha kwa miezi, akajifunza kwa wiki tatu. Kila nililosema aliliandika kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani, na alipoanza kunakili mwenyewe, kila Ijumaa aliandika humo tarehe, idadi ya disketi, na alama ya vema. Alikabidhiwa orodha ya wafanyakazi wote wa tawi: mwaka wa kuajiriwa, cheo, likizo, majina ya wategemezi. Mafaili ya zamani ya karatasi yalikuwa yameliwa na mchwa kiasi kwamba ukiyainua yanabaki mkononi vipande, kwa hiyo tulipokwisha kuyaingiza yote, yalichomwa. Agizo la kuyachoma nililitoa mimi.

Mvua za Mbale zilianza, na disketi zikaota ukungu. Nikatafuta mahali pakavu. Niligusa stabilaiza, nikaona ina joto zuri, joto la mkate uliotoka tanurini asubuhi. Nikachukua kisanduku cha plastiki cha disketi, nikakiweka juu yake. Nilijiona nina akili sana.

Mama Nambozo alikitazama. "Bwana, hii chuma nalia siku yote," alisema. Ni kweli, stabilaiza ilinguruma bila kupumzika. "Haiwezi haribu kitu?"

Nilicheka. Meneja wa Tawi alikuwa amesimama pale, naye akacheka kwa kunifuata. "Mama, wewe piga taipu," nikamwambia. "Mambo ya umeme niachie mimi."

Akauliza tena kama awe anazifungua kopi, kwa maana alinisikia nikisema hivyo ndivyo tunavyofanya Jinja. Nikamwambia hakuna haja, hapa mashine ni moja, atapoteza muda bure. Naye akaandika hivyo kwenye daftari lake.

Mkuu wa Kitengo aliporudi kwao Kisumu nilipewa kiti chake. Kiti kilikuwa kikubwa na mimi nikajaa ndani yake. Haukupita mwaka, simu ikaja kutoka Mbale kwamba mashine inawaka lakini inatoa sauti ya kukwaruza. Nilijua maana yake. Diski ya ndani, ile inayobeba kumbukumbu zote, ilikuwa imekufa. Sikuwa na wasiwasi. Nilibeba diski mpya, nikafika, nikaifunga, nikamwomba Mama Nambozo kisanduku. Alinipa kwa mikono miwili.

Disketi ya kwanza haikusomeka. Ya pili haikusomeka. Nilizitia zote moja moja, kisha nikarudia, na yeye amesimama nyuma yangu na soksi zake nyeupe. Hakuna hata moja iliyofunguka.

Meneja Mkuu alipiga simu kutoka Jinja. Alikuwa Singasinga mzee, mzaliwa wa pale pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha madukani. "Mimi iko na swali moja," alisema. "Nani kosa? Wewe toa jina moja. Hadithi hapana taka."

Ningeweza kusema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli, wakati ule sikujua. Lakini nilikuwa Mkuu wa Kitengo, na watu walivua viatu mlangoni kwangu, na nikatoa jina.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja wa Tawi, mlango wazi, wafanyakazi wamejaa barazani kwa sababu ni orodha yao iliyopotea. Vikao vyetu vilikuwa vya Kiingereza. Mama Nambozo alifungua daftari lake la kijani, akaanza kuonyesha kwa kidole: Ijumaa hii, Ijumaa hii, Ijumaa hii. Nilimkata. Niliacha Kiingereza nikaingia kwenye Kiswahili, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya baba yangu akiwa kazini.

"Wewe mama, acha uongo. Alama ya kalamu hata mtoto anaweza kuweka. Sema ukweli hapa mbele ya watu. Ulinakili au hukunakili?"

Nilimwona akibadilika uso. Alifunga daftari, akalitia kwenye mkoba wake, akaangalia chini. Hakusema neno jingine siku ile, na kimya chake kikaandikwa kuwa ndiyo kukiri. Aliondolewa ofisini akapelekwa uani kushona magunia.

Wiki zilizofuata wafanyakazi walipanga foleni na barua zao kuukuu, wathibitishe waliajiriwa lini. Wengine barua walikuwa nazo. Wengine nyumba zilikuwa zimechomwa katika vita, hawakuwa na kitu, wakahesabiwa kama wageni kazini baada ya miaka mingi. Foleni ilipita pale pale alipokuwa akishona. Mzee mmoja alitema mate karibu na gunia lake. Nilikuwa dirishani, nikaona.

Sasa nifike pale ambapo kosa lilikoma kuwa kosa likawa kitu kibaya zaidi. Mwezi uliofuata nilikwenda Mbale kuingiza upya orodha ile. Jumatatu nilinakili mwenyewe, disketi sita mpya kutoka kwenye pakiti, nikazifungua zote, zikasomeka vizuri. Nikaziweka kwenye kisanduku, kisanduku mahali pake juu ya stabilaiza. Ijumaa nikataka kuongeza majina. Disketi nne kati ya sita hazikusomeka. Chumba kilikuwa hakijaguswa na mtu mwingine, ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nikakaa kwenye kiti. Stabilaiza ilikuwa inanguruma. Waya wa shaba ukizungushwa na kupitishiwa umeme huwa sumaku, jambo hilo nililifanyia mtihani nikiwa mwanafunzi na nikafaulu. Nilikuwa nimeweka maandishi ya sumaku juu ya sumaku, wiki kwa wiki, na Mama Nambozo alikuwa ameniuliza.

Mnafikiri nilitoka mbio kwenda kumwambia? Nilisogeza kisanduku kwenye rafu ya mbao. Nikarudia kopi. Kisha nikaandika mwongozo mpya wa matawi yote, kipengele cha kwanza: disketi zisiwekwe juu ya stabilaiza wala karibu na spika ya redio. Sababu sikuieleza. Meneja Mkuu alinisifu kikaoni, akasema mtu akipata hasara lazima atoke na somo, na watu wakanipigia makofi. Nilisimama nikainama kidogo. Aibu ya makofi yale bado ninayo, huniamkia nikinyoa ndevu.

Jioni ya Ijumaa ile niliyogundua, nilipita uani kwenda kwenye gari. "Mulembe, mama," nikamsalimu kwa lugha yao. "Mulembe," akaitikia, sindano mkononi, bila kunitazama. Nilipunguza mwendo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na wakati ulikuwepo, maana angeweza kurudishwa ofisini Jumatatu. Nikaingia garini. Kabla msimu wa pamba haujaisha aliacha kazi akarudi kwao Busiu.

Nilitumikia Jinja miaka mingine mingi. Nimeona disketi zikiondoka, viatu vikirudi ndani, kila karani akipewa mashine yake. Nilipostaafu waliniomba niwaachie vijana ushauri, nami nikasema la Mkuu wangu wa Kisumu: ukifanya kopi, ifungue. Walilipenda. Msichana mmoja wa kitengo akaniuliza, kwa adabu tu, "Mzee, wewe kopi iliwahi kukupotea?" Nikasema mara moja, huko Mbale, karani alizembea. Nilikuwa nimestaafu, hakuna ambaye angenifukuza, na bado nikasema hivyo. Usiku sikupata raha, na wiki haikuisha nikapanda teksi ya Busiu.

Kwake hapakuwa pagumu kupapata. Alikuwa amekaa nje na binti yake wakipukuchua mahindi, nywele zote nyeupe. Alinitambua kabla sijajitaja. Nilikataa kiti nikamwambia nikiwa nimesimama: stabilaiza, sumaku, zile disketi sita, ule mwongozo. Nilimwambia nilijua tangu alipokuwa uani. Alisikiliza akiendelea kupukuchua.

"Mimi najua nilifanya kopi," alisema nilipomaliza. "Kila Ijumaa. Sasa wewe natoka Jinja nakuja ambia mimi kitu mimi najua?"

Nikaomba msamaha, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Hiyo weka kwanza," akasema. "Siku ile wewe nasema na Kiswahili, mlango wazi, watu yote nasikia. Mume yangu nasikia hapa Busiu. Hawa watoto nakua nasikia. Sasa sema na Kiswahili tena. Lakini si kwa mimi."

Nikamwambia wengi wa tawi lile wamekufa.

"Wengine iko," alisema. "Na watoto yao iko. Andika."

Binti yake aliingia ndani, akatoka na daftari la kijani, kona zake zimeliwa. Aliliweka mikononi mwangu. Alama zilikuwepo zote, Ijumaa baada ya Ijumaa, na katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko safi, maneno yangu: hakuna haja ya kufungua.

Kwa hiyo naandika. Mama Nambozo, mpiga taipu wa tawi la Mbale, alinakili orodha ya wafanyakazi kila Ijumaa kama alivyoagizwa. Hakuzembea na hakudanganya. Aliyeweka kisanduku juu ya stabilaiza ni mimi. Yeye aliuliza kama chuma kile hakitaharibu kitu, nami nikamcheka. Siku nilipojua ukweli alikuwa uani akishona magunia, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na mimi nikavaa viatu nikarudi Jinja.