Taa ya Matanga

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nilirudi Kisauni kutoka chuo kikuu cha bara nikiwa nimeanguka hesabu. Nilipewa mtihani wa marudio. Nikianguka tena, ningefukuzwa. Nyumbani nilimwambia nyanya peke yake. Ndiye aliyenilea, na ingawa hakujua kusoma namba, kila jioni aliketi karibu na meza yangu akishona kofia mpaka nifunge daftari.

Umeme ulikuwa mgeni kwetu. Ulipoingia, mimi ndiye niliyemshikilia nyanya azigawe kandili zote, kwa kibri cha msomi. Akabakisha moja, akaificha uvunguni. Masika yale mnazi ukaangukia nyaya, mtaa mzima ukawa giza. Mafundi walisema watakuja kesho, na kesho yao haikufika. Nyanya akaitoa ile kandili, akaiweka mbele yangu bila kunisuta. Heri angenisuta.

Wiki ya pili ya giza akafa, ghafla, baada ya alasiri.

Kwetu, chumba alichofia mtu hakikuachwa giza. Taa iliwashwa humo tangu magharibi mpaka alfajiri, siku saba, na haikutumiwa kwa kazi nyingine. Kandili yetu ya pekee ikaingia humo. Waliokuja matangani walileta taa yao ya karabai. Siku ya tatu wakaondoka nayo. Mtihani ulikuwa umebakisha wiki mbili. Kwenda dukani kununua taa niliona haya. Watu wangesema nyanya hajakaa kaburini, mjukuu anawaza vitabu. Na wangesema kweli.

Siku ya nne nikaingia chumbani mwake na daftari, nikakaa chini, kando ya kitanda kilichoondolewa godoro. Nilijiona mwizi. Mamangu mdogo akanifuma.

“Wafanyani humu?”

“Nasoma, mama. Niwie radhi.”

“Hiyo ni taa ya mamangu.”

“Najua. Lakini nikianguka mtihani huu, nafukuzwa chuoni.”

Hakuwa na habari. Akaja akapandisha utambi.

“Haya, soma. Hatutaizima mpaka umalize. Atakungoja, inshallah.”

Wallahi, nilijifunza hesabu nyingi katika chumba kile kuliko mwaka mzima chuoni. Lakini upweke wa mle chumbani sijapata kuuona tena. Nilipopata jawabu niligeuka kutaka kumwambia, nikakuta mbao za kitanda. Nilimkasirikia kwa kufa wakati ule, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia.

Siku ya saba ikapita. Jirani mmoja akauliza mbona taa ya maiti ingali inawaka. Mamangu mdogo akamjibu kwamba mafuta ni yake na nyumba ni yake, na huyo jirani kama ana usingizi akalale. Mimi nilisikia yote nikiwa nimeinama juu ya daftari.

Mtihani nilikuja kuupita, tena vizuri. Ila hesabu zenyewe nilizimaliza usiku wa tisa, wala sikumwambia mtu. Usiku wa kumi mamangu mdogo akaja kutia mafuta, akaniuliza nimebakisha ngapi.

“Nyingi,” nikamwambia.

Akatoka, akanirudishia mlango. Nikalifungua daftari nililokwisha kulimaliza, nikakaa na nyanya.