Mpini wa Lango la Mfereji
Walimwita Bi Komeo kwa sababu mlango wake haukuwa na kufuli wala kitasa. Aliukomea kwa mpini wa chuma, mzito, urefu wa mkono. Mpini huohuo ndio uliofungua lango la mfereji enzi zile mji mzima ukila kwa mfereji, mashua zikishusha mbao na nafaka. Aliyeugeuza ni mumewe, mlinzi wa lango, miaka kumi na tisa bila mapumziko.

Skrubu ya lango lile fundi aliichonga kinyume. Malango mengine hufunguliwa kushoto, hili kulia. Mlinzi alilijua hilo kama anavyojua njia ya nyumbani kwake.

Basi mwaka mmoja mvua ilipiga, maji yakajaa, na bosi akafika mbio kutoka ofisini, kiatu kinang'aa, akaamuru lango lifunguliwe kushoto. Mlinzi akamwambia ni kulia. Bosi akacheka kwamba kulia ni kazi ya wanawake, akawaita vibarua wawili wenye misuli. Wakakaza kushoto mpaka skrubu ikasagika, lango likang'ang'ania. Maji yakapasua ukingo, yakaangusha nyumba sita, na mfereji ukabaki matope.

Ripoti ikasema: uzembe wa mlinzi. Loo! Mtu kabambikiwa kosa mchana kweupe, na bosi kapandishwa cheo. Majirani wakaacha hata kumsalimu. Alikufa mwaka wa nne na aibu isiyo yake, na mfereji ukageuka jalala. Bi Komeo alibaki na mpini, na hasira ambayo miaka thelathini haikuipunguza hata chembe.

Sasa mfereji umefufuliwa. Ukingo umejengwa, takataka zimezolewa, skrubu mpya imechongwa kwa kuiga ya zamani, imebaki siku ya kufungulia maji. Asubuhi ya siku hiyo mhandisi akabisha hodi kwa heshima zote, akaomba mpini. Bi Komeo akamuuliza kile kibao kipya pale langoni kimeandikwa nini. Mhandisi, maskini, akakisoma kutoka kwenye simu yake: mfereji ulikufa kwa uzembe wa mlinzi.

Damu ikamchemka mama wa watu. Hakupiga kelele. Akauliza watageuza upande gani.

"Kushoto, mama. Kama kawaida."

"Haya, twende ukauue tena."

Akauchomoa mpini mlangoni, akatangulia nao begani, mlango ukabaki wazi. Langoni wageni walikuwa wamekwisha kaa vitini. Hakumtazama mtu. Akauchomeka mpini, akageuza kulia, lango likanyanyuka kidole kimoja na maji yakaanza kupenya. Watu wakapiga makofi. Akalishusha tena, maji yakakatika, na makofi nayo. Akamtolea uvivu mhandisi mbele ya wakubwa wake: yaliyoandikwa ni uongo, na tone halipiti mpaka yafutwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mhandisi alitazama skrubu, akatazama mpini, akaelewa. Akachukua patasi, akapiga magoti, akayakwangua maneno yale mwenyewe, jasho likimtoka. Kisha akauliza aandike nini.

"Andika: mlinzi alisema kulia."

Mhandisi akasita, akasema watu watadhani ni habari ya machozi.

"Waache wadhani," alisema Bi Komeo. "Nayo yalikuwepo."

Akasubiri mpaka herufi ya mwisho, ndipo akaushika mpini.