Jinsi tulivyomsaidia mbwa aliyekuwa anaruka ukuta kila gari la gesi likipita (Muscat)

Wakuu, habari za huko mliko. Nawaandikia kutoka Muscat nikiwa na furaha mpaka vidole vinakosea herufi. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sitaongeza.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, nikaanza kuzurura: Mwanza, Mombasa, Dubai, sasa hapa. Kinachonisukuma ni udadisi tu. Kwa sasa natunza bustani na kuosha magari kwa familia ya Waomani wenye asili ya Zanzibar, huku Al Khoudh. Kiswahili chao kitamu, naona hata aibu kufungua mdomo.

Mkuu wa nyumba ni Bibi. Mjukuu wake, Ruqayya, anasoma chuo hapa jirani, na ndiye aliyemwokota mbwa jike wa kahawia akamwita Halwa. Halwa haingii ndani, ana kibanda chake uani. Bibi hamgusi kwa sababu ya udhu, ila sahani ya makombo anamsogezea mwenyewe kwa ufagio!

Sasa tatizo. Huku gesi hupitishwa mitaani kwa gari, na dereva anagonga mitungi kwa chuma ili watu wasikie. Halwa akisikia tu, anatetemeka, udenda unamtoka, anajikojolea. Siku moja akaruka ukuta mpaka barabarani. Gari dogo lilifunga breki hatua moja kutoka kichwani kwake.

Bibi akatoa hukumu.

"Mie nnamhurumia, wallahi. Lakini sitaki afe mlangoni pangu. Mwisho wa mwezi ende shamba, kule Barka."

Huko shamba mbwa wanafungwa mnyororo mchana kutwa. Ruqayya alilia. Nikajitosa: "Bibi, nipe huu mwezi."

Kosa langu la kwanza: nilidhani woga unatibiwa kwa nguvu. Nikamfunga kamba nikampeleka hadi kwenye gari lenyewe. Wakuu, msijaribu. Alijichomoa, akajibanza nyuma ya tangi la maji, hakula siku nzima. Nilijiona mpumbavu.

Ruqayya akampeleka kwa daktari wa mifugo. Akapimwa masikio, mazima. Daktari akatuambia tusimlazimishe wala kumfokea. Turekodi mlio ule, tumpigie kwa sauti ndogo sana huku anakula kitu anachokipenda, na akionyesha woga turudi nyuma.

Basi, simu na kuku wa kuchemsha. Siku ya kwanza mlio ulikuwa kama wa mbu. Baada ya wiki mbili volume ni full na Halwa anatafuna, mkia unacheza! Nikaruka ruka uani. Bibi akachungulia dirishani:

"Nyie watu wa bara mna mambo! Mbwa anasomeshwa, na weye skuli uliikimbia!"

Kesho yake likaja gari la kweli. Halwa huyo, ukutani. Nilimdaka miguu ya nyuma.

Nilikata tamaa, siwafichi. Mwezi ulikuwa unaisha.

Lakini udadisi haukuniacha nilale. Gari lilipokaribia kurudi, nikaitega simu juu ya kibanda, irekodi video.

Kuja kuangalia, nikabaki mdomo wazi. Mitungi inagongwa huko mbali, Halwa kainua masikio tu, anaendelea kula. Kisha Bibi kutoka jikoni: "GESI! Gesi inapitaaa!" Ruqayya anashuka ngazi mbio. Mimi natupa mpira wa maji, naburuta mtungi mtupu kwenye saruji, nalibamiza geti la chuma, tuliwahi gari. Hapo ndipo Halwa anaruka.

Kumbe ule mlio ulikuwa unampa taarifa tu kwamba vurugu yetu inakuja! Waliokuwa wanamtisha ni sisi.

Nikampelekea Bibi ile video. Aliiangalia mara tatu.

"Ala! Hii sauti yangu mie?"

"Yako, Bibi."

Akanirudishia simu. "Basi hapigi mtu kelele tena nyumba hii. Na mie wa kwanza."

Mtungi tukaupandisha kwenye kitoroli. Geti nikalitia grisi, na mpira pale linapogonga.

Juzi asubuhi pilau iko jikoni, gesi ikakata. Dakika chache, mitungi hiyo inagongwa mtaani! Bibi akatoka kajiziba mdomo kwa kiganja, anatembea kama bi harusi. Mimi na kitoroli nyuma yake, polepole. Ruqayya kachuchumaa pembeni ya Halwa, anamlisha kuku.

Halwa akatutazama mmoja mmoja. Akapiga mwayo. Akalala chini.

Tulipofika getini, gari lilikwisha kata kona. Nikangoja ngurumo ya Bibi.

Akanong'ona: "Liwache lende zake. Washa makaa."

Ruqayya akauliza kwa woga, "Na shamba je, Bibi?"

"Shamba gani? Nani kataja shamba?"

Wakuu, nilichojifunza: mnyama akiogopa kitu, usikiangalie kitu hicho peke yake. Tazama na nyie mnafanya nini wakati huo huo. Na usimvute kwa kamba kama nilivyofanya mimi.

Wenye mbwa wanaoogopa radi, honi au fataki, karibuni mtoe uzoefu. Mmewahi kujirekodi wenyewe?