Kwa nini wanafunzi wangu wa sitar walipanda stejini alfajiri badala ya usiku

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili naliweka kama lilivyotokea, chumvi sina. Majina tu nimebadilisha, maana Muscat ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Mimi ni mtoto wa Tanga, niko huku kwa kazi ya ofisini. Ijumaa asubuhi, ambayo huku ni weekend, nafundisha sitar kwenye chumba cha kupanga pale Ghubra.

Ndiyo, sitar. Lile gitaa refu la Kihindi lenye nyuzi kibao. Nilianzia kwa jirani yetu Tanga, baadaye nikaenda India kuisomea. Msinicheke, kila mtu na ugonjwa wake.

Wanafunzi wangu karibu wote ni watoto wa Kihindi. Mtu mzima ni mmoja tu, Bi Zuwena, mstaafu wa serikali, Muomani wa asili ya Unguja. Anaishi Mabela na mama yake mzazi, ambaye ni mtu mzima sana sasa.

Basi wazazi wakaamua darasa lipande stejini. Wakaweka booking ya ukumbi, saa mbili usiku. Mimi nikaitikia fasta, nikafika nyumbani nikashika kichwa.

Iko hivi wakuu. Muziki wa kale wa Kihindi unapigwa kwa raga. Raga ni mpangilio wa noti wenye tabia yake, na kila raga ina wakati wake wa siku. Darasa letu ni la asubuhi, kwa hiyo muda wote tulikuwa tunapiga Bhairav, raga ya mapambazuko. Kuipiga usiku ni kama kumwandalia mgeni uji na vitumbua saa ya chakula cha usiku. Atakula, lakini atakushangaa.

Siku hizi wapo wanaopiga raga yoyote saa yoyote. Walimu wangu hawakuwa hao, na mimi kichwa changu kigumu.

Nikawabadilishia. Tukaanza Yaman, raga ya jioni. Watoto wakaidaka haraka, watoto bwana hawana kinyongo na kitu.

Sambamba na hilo nikaanza kuwazoesha steji. Nikawasha AC mpaka mwisho, kwa sababu baridi ya ukumbi huvuruga nyuzi na lazima ujue kuzirekebisha huku watu wanakukodolea macho. Wakipiga, naangusha vijiko, naacha simu iite, napita mbele yao. Sheria ilikuwa moja: ukikatika, msikilize mpiga tabla, yule wa ngoma mbili za Kihindi anayetushikia mapigo, subiri mzunguko wa mapigo urudi mwanzo, uingie. Usiombe radhi, usikunje uso.

Bi Zuwena alikuwa anafanya vizuri kuliko wote. Ndipo siku moja watoto walipoondoka, akabaki amekaa, sitar ameshaifunga kwenye mfuko wake.

"Mwalimu, usinione mbaya. Miye sitopiga."

Nikadhani ni woga. Nikaanza hotuba yangu ya kutia moyo, akanikatiza.

"Siyo khofu. Mama yangu jioni hanijui. Likishazama jua huniuliza, we bibi mtoto wa nani, mbona huendi kwenu? Asubuhi ndo ananijua. Nlitaka anione yeye. Hao wengine nnawaheshimu, lakini sikujifunza kwa ajili yao."

Nilikuwa nimehangaika kote huko na wakati wa raga, sikuwahi kuuliza wakati wa mtu.

Usiku huo nikaandika kwenye group la wazazi: onyesho tulihamishie Ijumaa, mara baada ya alfajiri, na tunarudi kwenye Bhairav. Baba mmoja akaja juu, nani atatoka kitandani saa hizo? Nikamwambia Muscat hii watu wakitoka kuswali alfajiri wako macho, na mama yako mwenyewe saa hizo ameshamaliza ibada zake na anatafuta chai. Akatuma emoji ya kucheka. Tukakubaliana.

Siku yenyewe ukumbi haukujaa, lakini haukutia aibu. Mama wa Bi Zuwena alikaa kiti cha mbele, buibui safi, anasalimia kila anayepita.

Zamu yake ilipofika, Bi Zuwena akaanza taratibu, bila tabla, kama inavyotakiwa. Halafu tabla ikaingia. Alipozidi kuinamia chombo, ushungi ukaanza kurudi nyuma.

Mama yake akasimama.

Jirani yake akataka kumkalisha, nikamwashiria amwache. Bibi akapanda steji pole pole. Bi Zuwena alipomwona, mkono ukasimama. Mpiga tabla, Mungu ambariki, akaendelea kuzungusha mapigo kama hakuna kilichotokea.

Bibi akauvuta ushungi mbele, akauweka sawa.

"Zuwena, nywele zako zi nje." Halafu akaketi palepale kwenye mkeka, ubavuni mwake. "Haya piga, mwanangu. Watu wanangoja."

Bi Zuwena akasubiri mzunguko, akaingia. Alipiga huku machozi yanamtoka. Noti kadhaa zilikwenda kombo, mimi mwalimu wake nilizisikia zote, na sijawahi kufurahia makosa kiasi kile.

Baada ya magharibi akanitumia voice note. "Mwalimu, ashanisahau tena. Si kitu. Leo kaniita jina langu mbele ya watu."

Somo nililopata: kabla hujapanga shughuli yoyote, uliza kwanza yule anayengojewa anapatikana saa ngapi. Nasema kupatikana kwa akili yake. Ukumbi na watu vitajipanga tu.

Sasa nawageukia ninyi wenye wazazi wa hali hii. Zile jioni mnazipitisha vipi? Bi Zuwena ameniuliza, na mimi najua sitar tu.